Shati la Merikani

Naanza kwa kusema nisije nikasingiziwa: aliyeliharibu lile jalada ni mimi, Mahfudha, kwa mikono yangu miwili na akili zangu timamu.

Aidarus ni mtoto wa marehemu mdogo wangu, Shifaa. Nimemlea mie hapahapa Dubai, mtaa wa Rashidiya, tangu ana miaka minne. Sasa ana ishirini na saba, na kazi yake ni kuchora menyu za mikahawa. Mtoto akichora maji unashikwa na kiu, halafu kutwa anachora shawarma! Miaka mitatu alikuwa akiwaandikia kuomba kazi watu wa jarida moja la Marekani, la historia ya kule kwao magharibi, mambo ya wachunga ng'ombe na farasi na bastola. Mwisho mhariri wao, mwanamke, akamwambia haya, tuchoree jalada moja tukuone. Likitufaa, majalada yote sita ya mwaka ni yako. Lisipotufaa, basi, ahsante sana.

Jalada lenyewe lilikuwa la wachunga ng'ombe Weusi. Mie sikujua kama walikuwepo. "Walikuwepo wengi, ma'mkubwa," akaniambia, "ila hawakuchorwa." Na Aidarus hachori kitu cha kichwani, lazima akione mbele yake. Kwa hiyo akamleta Isaiah amchore, Mkenya, mlinzi wa ghorofa moja kule mtaa wa JLT, kijana mrefu aliyekulia nyuma ya ng'ombe wa baba yake. Shati la kumvisha akaniomba nishone mie.

"La merikani, ma'mkubwa, ile pamba ngumu ya zamani. Halina kola, vifungo vitatu, na halina pambo lolote. Wasomaji wao kifungo kikikosewa tu wanaandika barua."

"Merikani unanifundisha mie? Bibi yangu kaivaa merikani mpaka ikamchoka yeye."

Nikenda madukani Satwa, nikanunua kitambaa, nikashona. Lilipokwisha nikalitundika, nikaliangalia. Lo! Gunia. Gunia lenye mikono. Na ndiyo mara ya kwanza mtoto anapeleka kazi yake Marekani! Nikachukua uzi mweupe, nikatia ua moja tu kifuani, upande wa moyo, ua la kudarizi kofia za wanaume, lile mama alilotufundisha mimi na Shifaa tungali wadogo. Jeupe juu ya jeupe, nani ataliona? Na ukweli sitauficha: nilitaka Shifaa naye awe na mkono wake katika kazi ya mwanawe.

Shati tukalichemsha kwa chai ya rangi lisionekane jipya. Isaiah akalivaa ndani ya sare yake wiki mbili nzima ili lichakae, na joto la huku mnalijua. "Mum, hii shati sasa ni ndugu yangu," akasema, wala hakulalamika. Kisha akapandishwa juu ya mkono wa kochi langu, mto chini ndiyo tandiko, mkanda wa abaya yangu mkononi ndiyo hatamu. Aidarus akachora siku sita, akatuma.

Alhamisi mhariri akapiga simu ya video. Mie niko jikoni nakanda unga, na Kiingereza cha miaka thelathini Dubai kinanitosha. Akasifu uso, akasifu mikono, mie natabasamu peke yangu kama mwehu. Halafu akauliza, "Hili ua kifuani umelitoa wapi? Unajua kila kitu kwenye jalada letu lazima kiwe na chanzo."

Nikaacha kukanda. Nikamsikia Aidarus: "Sina chanzo. Kosa ni langu."

Lake! Mhariri akampa mpaka Jumatatu. Ua litoke, au watatumia jalada la mtu mwingine.

Nikatoka na unga wangu mikononi. "Kwa nini hukunitaja?"

"Nikutaje kwa nani, ma'mkubwa? Ua nililiona siku ya kwanza. Nilijua ni la mama, sikuwa na moyo wa kuacha kulichora."

"Basi lipake rangi juu, liishe."

"Nipake nini? Sijui kilichopo chini yake. Nisichokiona sikichori."

"Nishone jingine usiku huu!"

"Hilo litakuwa jipya. Hili Isaiah kalivaa wiki mbili."

Basi nikalifumua. Nimeshona miaka arobaini, nimefumua mpaka magauni ya maharusi, sijapata kulia kwa kufumua. Siku hiyo nililia. Uzi mmoja mmoja kwa ncha ya pini, na kila uzi namwambia Shifaa niwie radhi mdogo wangu. Uzi ukatoka wote, matundu ya sindano yakabaki. Nikayasugua kwa ukucha, nikayanyunyizia maji, nikayapiga pasi ya mvuke. Wapi! Merikani ile ilishachemshwa na kuvaliwa, haikutaka kufunga tena.

"Matundu usiyachore," nikamwambia. "Fanya kama huyaoni."

Akaanza kuosha brashi zake. Ana ukaidi wa mama yake, na mie ndiye niliyeulea. Ijumaa Isaiah akatoka zamu, akapanda kochi lake, Aidarus akashika brashi siku mbili. Mie sikusogea hata kutazama. Nilikuwa nikipita sebuleni na chai, macho nimeyatupa dirishani, nawaza kama mtoto huyu atazeeka akichora shawarma basi ni mimi niliyemfanyia. Jumapili akatuma.

Jumatatu jioni simu ikalia. Nilikuwa nakoroga mchuzi, moto nikauzima ili nisikie vizuri.

"Aidarus," mhariri akasema, "haya matundu madogo kifuani."

Nikasema khalas, tumekwisha.

"Kuna kitu kilishonwa hapa, kikafumuliwa. Sivyo? Watu wale walivaa nguo zilizokwisha kupita mikononi mwa wengine, na sijaona mchoraji aliyelikumbuka hilo. Majalada sita ni yako. Ila ukurasa wa maelezo unataka chanzo. Hili umelitoa wapi?"

Aidarus akainuka, akaja jikoni na simu yake, akanigeuzia. Hata nafasi ya kurekebisha ushungi hakunipa! Mie nimesimama na upawa mkononi, mchuzi unadondoka sakafuni.

"Chanzo changu huyu hapa," akasema. "Ma'mkubwa wangu, Mahfudha. Alitia ua, akalifumua kwa ajili yangu. Na ua ni la mama yangu, Shifaa."

Mwanamke wa watu akanipungia mkono. Nikampungia upawa. Nilitaka kumgombeza Aidarus palepale kwa kunianika hivyo, nikajikuta nimeinama nafuta mchuzi.

Jarida limefika wiki iliyopita. Isaiah kachukua nakala tatu za kupeleka kwao. Mie nilisubiri mpaka wote wametoka, nikavaa miwani, nikaketi juu ya lile kochi na shati mapajani, nikapitisha kidole kwenye jalada, tundu kwa tundu, nikilinganisha. Asiyejua ataona kitambaa kikuukuu tu. Mie naliona ua zima, na matundu yote yapo, hakuacha hata moja.