Lenzi ya Mzee Amuri

Anifa alikuwa fundi kamera Kigoma mjini, na kwa jeuri yake asingekubali kushindwa na kipande cha kioo. Marehemu baba yake, Mzee Amuri, alikuwa ameacha lenzi ya kamera ya sanduku aliyowapigia picha watu wa Ujiji miaka nenda miaka rudi. Sasa mama yake, Bi Siwema, moyo ulikuwa umechoka, na daktari alishasema siku zake si nyingi. Alitaka picha moja ya kuwaachia wajukuu, na ipigwe kwa lenzi ya mumewe tu. Za simu alizikataa katakata.

"Zinanitoa kama mtu nisiyemjua," alisema.

Basi Anifa akaing'oa lenzi kwenye sanduku, akaichongea pete ya shaba ikae kwenye kamera ndogo ya filamu. Ukichungulia kamera hiyo unamwona mtu mmoja mara mbili. Unazungusha lenzi mpaka wale wawili waingiane, na hapo picha hutoka kali. Pete ikizidi unene wa unywele tu, umeumia. Aliipiga tupa siku tatu. Filamu aliyobaki nayo ilikuwa ya picha tano.

Akamkalisha mama mkekani uani, mchana kweupe, kamera juu ya miguu yake mitatu. Akapiga nne, akakikata kipande cha filamu kilichokwisha kupigwa ndani ya mfuko mweusi. Akauvua ushungi wake na kuutundika msumarini jikoni, usiingie dawa ya kusafishia picha, akazisafisha.

Akazitazama moja moja. Katika ya kwanza, ushungi wa mama uliopinda tangu asubuhi ulikuwa umenyooshwa, na hapo tu ndipo palipotoka pakali. Katika ya pili mama alikuwa ukungu, lakini mkeka hatua moja mbele yake ulionekana ukindu kwa ukindu. Ya tatu, hatua mbili. Ya nne, mchanga karibu kabisa na kamera, na juu yake nyayo mbili zikiielekea kamera.

"Pete nimeikosea," alisema. Lakini alijua. Pete mbovu hukosea pale pale kila mara. Haitembei.

Bi Siwema akazisogeza picha machoni, akacheka.

"Baba yako huyo! Hakuwahi kupiga picha bila kuja kumnyooshea mtu ushungi kwanza, ndipo arudi kwenye kamera yake. Nawe umesimama mahali pake, mwanangu. Atapita wapi?"

Anifa aliogopa, tena sana. Ila picha ilibaki moja, na mama alikuwa akihema kwa shida. Akaweka filamu, akalenga, akaiacha kamera peke yake, akaenda kuketi kando ya mama. Kuku waliokuwa wakidonoa machikichi wakatawanyika. Ubaridi wa mkono uliotoka majini ukampita kwenye paji la uso. Uani kukawa kimya kwa muda wa hatua chache, kisha kamera ikalia.

Bi Siwema alifariki Ijumaa iliyofuata. Anifa hakupata moyo wa kuisafisha picha ile mpaka ilipopita arobaini. Mama alitoka mkali hadi mikunjo ya shavu, akitabasamu, macho yameinuka usawa wa mtu mrefu aliyesimama nyuma ya kamera.

Anifa mwenyewe alikuwa kando yake. Siku ile alikaa mkekani kichwa wazi, ushungi ukiwa bado msumarini jikoni. Kwenye picha alikuwa ameuvaa, umenyooshwa vizuri.