Mguu Gani

...na sasa mguu wenyewe umeanza kukunjamana ndani ya karai, maji moto na chumvi, mguu mzima kabisa usio na hata mkwaruzo, na Mbuthia ameketi nao sebuleni kama mgonjwa wa kweli, suruali imekunjwa hadi gotini, akimsikiliza mamake huko jikoni akicheka na Jerop, Jerop aliyetoka kwao Kesses mpaka hapa mtaani Pioneer kumletea mursik, maziwa yao ya mgando ya kibuyuni, apone haraka, ai, heri angekuja kumtukana... "kunywa chai, mami, usione haya," mama anambembeleza Jerop... heri angemmwagia hiyo mursik kichwani, kwa sababu ni nani alimtuma kusema yeye ni mkimbiaji, miaka kumi na saba na bado mdomo unamtangulia, hata kwa Nabwire, msichana wa kabla ya Jerop, alijisifu anapiga gita, akaletewa gita mbele ya vijana wote wa kanisa, akasema kidole kinauma, leo tena ni mguu, atabakiwa na kiungo gani, lakini Nabwire alicheka tu yakaisha, huyu hakucheka, huyu aliamini, akamwombea nafasi kwa kochi Wilson, "kuja Jumamosi tukimbie pamoja, ndiyo siku kochi anachagua watu wa kwenda mbio za Nairobi," naye huyo, na viatu vya binamu vinavyombana, kilomita ya kwanza anahema peke yake, ya pili wenzake wamebaki vumbi tu huko mbele, basi akaona shamba la mahindi, akakata katikati, akajificha karibu na mwisho, akajimwagia maji ya chupa yawe jasho, mjinga wewe, mjinga kabisa, ukachomoka barabarani kifua mbele, na wote wakafika, hata yule mdogo wa darasa la nane, isipokuwa Jerop aliyekuwa akiongoza wasichana wote, kwa maana Jerop aligeuka njiani, hakumwona, akarudi, woi, akarudi nyuma akiuliza nyumba hadi nyumba, "mmeona kijana wa jezi nyekundu?", mpaka kochi akamaliza kusoma majina ya waliochaguliwa bila la Jerop... "na hiyo safari ya Nairobi, mami?"... nyamaza, wanasema nini, mama naye na maswali... na alipomwona Jerop anakuja mbio, uso umejaa wasiwasi, hapo ndipo angesema, hapo hapo, maneno mawili tu, lakini alijitupa chini akashika mguu, kochi akamtoa jani la hindi sikioni, akalitazama, naye Jerop akafungua bendeji ya goti lake mwenyewe akamfunga, akamwambia kochi ati ni yeye mwenyewe alichoka njiani, hakumtaja Mbuthia, na orodha inapelekwa Jumatatu, Jumatatu ni kesho kutwa... "Aa, Mama, hata singeshinda, wacha tu mguu wake upone"... singeshinda? Jerop? Kochi mwenyewe husema hakuna msichana wa kumfikia, anadanganya, huyu asiyejua kudanganya amedanganya, ili mama ya mtu asihuzunike, na yeye hapa uongo wake wote alijitengenezea mwenyewe, apendwe, na alikuwa amependwa tayari, hiyo ndiyo inauma, haki inauma kuliko mguu wowote, alikuwa amependwa tangu alipoachwa kwenye kilomita ya pili na mtu akageuka kumtafuta, na mtu huyo akijua hatarudi tena, hatageuka tena, lakini kochi akiambiwa ukweli leo, leo kabla ya jioni, jina la Jerop linaweza kuingia...

"Mbuthia! Naleta maji mengine ya moto. Ulisema ni mguu gani, wa kulia ama wa kushoto?"

...na haki ya Mungu hakumbuki alisema upi, bendeji ilifungwa kushoto, ndani ya karai ni wa kulia, na Jerop huko anangoja naye asikie...

"Hakuna," anasema, lakini sauti haifiki popote, sufuria inachemka.

"Ni gani?"

Mguu bado uko majini. Anavuta pumzi, aseme tena, kwa nguvu, wasikie wote wawili.