Mikono Isiyoshika Mgomba

Jumamosi hiyo nyumba ya Mama Deodatha, kule Ihembe, ilijaa mpaka watu wakakalia magunia ya kahawa. Mwanawe Elipidius, mhadhiri wa kilimo chuo kikuu, alikuwa amerudi likizo. Ndizi kwa maharage zikiwa bado jikoni, akaingia jirani Adventina na bintiye Kemirembe, aliyefundishwa na Elipidius akahitimu kwa alama za juu.

"Shikamoo mwalimu," Kemirembe akasema. "Mikono yangu haishiki mgomba."

Wakatoka nje kuangalia. Binti akagusa mgomba. Mkono ukazama, ukatokea upande wa pili mkavu. Simu alishika. Kalamu alishika. Panga likapita vidoleni.

"Afadhali wewe," akasema Vero, jirani mwingine. "Mtoto wa Cleophace kasomea mifugo, mikono yake inapenya ng'ombe kama hewa. Juzi kazalisha kwa mdomo: sukuma, sukuma!"

Wakacheka, isipokuwa Adventina. Ugonjwa wa mnyauko ulikuwa umeingia shambani kwake. Migomba iliyougua isingekatwa, yote ingekwisha, na mgongo wake haukuruhusu.

"Nilikupa mtoto anayenikatia mikungu," akasema. "Umenirudishia nini, Elipi?"

"Vilianza vidole, muhula wa kwanza," Kemirembe akaeleza. "Kila nilipofaulu mtihani, hali ikapanda mkononi."

Elipidius alitazama chini. Kozi ile aliipanga yeye. Mafunzo ya shambani aliyaweka wiki ya mwisho, akijua fika kwamba wiki hiyo humezwa na mitihani. Shambani kuna tope. Mtihani wa kuchagua jibu husahihishwa na mashine, yeye akinywa chai.

Akavua koti, akakata migomba ya Adventina mpaka jioni. Kemirembe alionyesha kwa kidole iliyougua, na hakukosea hata mmoja. Tangu hapo ndivyo wanavyolima: binti anaonyesha, mama anakata huku akigunia mgongo.

"Mwalimu, wanafunzi wa mwaka huu watashika?" Kemirembe akauliza siku ya kuagana.

"Nitaliangalia hilo, binti."

Huko chuoni, kwenye kikao cha idara, walimu wakaulizwa nani ana mabadiliko ya kozi. Elipidius akakoroga chai yake. Haikuwa na sukari.

Muhula ulipofika katikati, mwanafunzi wake Nusra, binti wa muuza duka wa Nkwenda, akamletea mfuko wa ndizi mbivu kutoka kwao. Akaingiza mkono azitoe, vidole vikapita.

"Samahani mwalimu. Jana zilikuwa zinashikika."

"Usijali," Elipidius akasema. Akazitoa mwenyewe, akamenya moja, akala mbele yake. Ilikuwa tamu sana.