Pikapu ya Matarumbeta

Baba mdogo Venance alilitoa jambo lile watu wakiwa bado na tonge mkononi. Alisema pikapu ya marehemu kaka yake amekwisha kuitafutia mnunuzi wa vyuma chakavu, na mwenye neno aseme.

Hakuna aliyekuwa na neno. Ilikuwa arobaini ya huyo kaka yake, Romani, pale Charambe, na wengi waliokaa kwenye mikeka walikuwa ndugu wa Masasi waliofika kwa basi la usiku. Walitaka kula, waage, waondoke. Gari lenyewe walikuwa wameliona uani, limechakaa rangi, mlango mmoja mweupe na mwingine wa kijani.

"Gari bovu ni mgonjwa wa pili ndani ya nyumba," Venance alisema. "Mmoja tumeshamzika. Huyu mwingine tusingoje atumalize."

"Haiuzwi."

Watu waligeuka kutafuta aliyesema. Alikuwa Noela, binti wa marehemu, ameinama na birika la maji ya kunawa mikono. Nyumba ile haikuzoea sauti yake. Noela alikuwa mtu wa kutumwa dukani, akute watu wengi, asubiri pembeni mpaka wapungue ndipo anunue chumvi.

"Umesemaje?" Venance aliuliza.

"Haiuzwi, baba mdogo. Ntaiendesha mie."

Mzee mmoja alicheka mpaka wali ukampalia. Venance hakucheka. Hakuwa mtu mbaya. Ndiye aliyemuuguza kaka yake mpaka dakika ya mwisho, na ndiye sasa aliyetazamwa kama kichwa cha nyumba. "Najua unaendesha," alisema. "Alikufundisha, nilikuwepo, mkang'oa mchungwa wa watu kule Kongowe. Nakuuliza, utabeba nini? Mchanga? Ile chesisi ukiipakia mchanga inapinda kama upinde."

"Matarumbeta."

Hapo hata mama yake, Flaviana, aliinua uso.

Kila mtu Mbagala alijua matarumbeta. Harusi bila matarumbeta ni maziko yenye keki. Wapiga tarumbeta hupanda nyuma ya pikapu, pikapu hutangulia, bibi harusi hufuata ndani ya gari lililopambwa, na barabara nzima hujipanga kutazama. Mwezi uliopita Noela alikuwa amesimama kando ya njia bendi ya Mzee Stephano ikipita, akaona wasiyoyaona wengine, maana wengine walikuwa wanacheza. Pikapu waliyopanda ilikuwa mpya inang'aa, lakini nyuma haikuwa na pa kushika. Mpiga ngoma kubwa alikuwa amejifunga kwa kanga kwenye kichwa cha gari. Mwingine alipuliza kwa mkono mmoja, mkono wa pili kaushika mkanda wa suruali ya mwenzake. Walipofika kwenye shimo alimsikia Mzee Stephano akisema kwamba yeye atakufa kwa presha kama wazee wenzake, siyo kwa kumwagwa kama viazi.

"Basi," Venance alisema, na sasa alikuwa anasema na watu wote. "Jumamosi ya wiki ijayo Stephano ana harusi hapo kanisani kwetu. Akikubali kupanda, mimi nimefunga mdomo. Akikataa, Jumapili mnunuzi anakuja, na geti unamfungulia wewe."

"Sawa," Noela alisema, akaendelea kunawisha watu.

Kesho yake aliuza cherehani yake. Mama alimtazama akiitoa mlangoni kwenye toroli, akamwambia, "Hiyo ndiyo iliyokuwa inakulisha." Noela alijibu kwamba anajua. Halafu akaenda Mtoni, kwenye duka la urembo wa magari la kijana mmoja aitwaye Brightson.

Duka lilijaa vitu vinavyometa. Kulikuwa na mabampa ya chuma yenye pembe kama za nyati, taa za buluu za kubandika chini ya gari, rimu, kava za usukani, manyoya ya kutandika mbele ya kioo. Noela alisimama nje mpaka wateja wawili walipotoka. Wa tatu alipoingia, akajiona anafanya lile lile la chumvi, akaingia naye.

"Karibu sista. Umetumwa nini?" Brightson aliuliza.

"Sijatumwa."

"Bosi wako anataka nini, basi? Mwenye gari."

"Mwenye gari ni mie. Ni pikapu. Ya zamani."

Brightson alimkonyeza yule mteja. "Aa, basi kwako nina mzigo." Akashusha kava la usukani la waridi lenye maua. "Hii watoto wa kike wananigombania."

"Nyeusi ipo?"

"Nyeusi ya kiume hiyo."

"Usukani wangu haujui. Nipe nyeusi."

Yule mteja alicheka, lakini Noela hakurudi nyuma. Brightson akamwonyesha bampa lenye pembe. Akasema pikapu kuukuu ikivaa lile, hata trafiki anaipigia saluti, maana gari hupambwa usoni, kama bibi harusi.

"Langu bibi harusi atakuwa nyuma yake," Noela alisema. "Ataliangalia mgongo kutoka kanisani mpaka ukumbini. Usoni nani ataliona? Mbwa wa barabarani." Ilikuwa hotuba ndefu kuliko zote alizowahi kumtolea mgeni. Ikabidi apumzike kidogo. "Nataka mkeka wa mpira wa kutandika kwenye bodi, ule wenye vinundu, wasiteleze na viatu vya sherehe. Nataka ngazi ya kufunga nyuma, wamo wazee. Na pete za chuma za kufungia ngoma."

"Vitu vya punda hivyo, dada'ngu. Siyo urembo."

"Unavyo au huna?"

Alikuwa navyo, chini kabisa, nyuma ya maboksi, vina vumbi. Alivitoa ananung'unika kwamba vitalichafulia duka jina. Wakati wa kuondoka alimrushia stika ya bure yenye maneno ya kuwachoma mahasidi. Noela aliisoma taratibu, akaiacha kaunta. Gari lake halikuwa na ugomvi na mtu yeyote njiani.

Kilichobaki kilikuwa vyuma vya kushikilia, na hivyo havinunuliwi dukani, vinachomelewa. Alikwenda kwa Gozbert, fundi wa Bukoba mwenye kibanda karibu na Rangi Tatu, ambaye kila kazi yake aliisifu kabla hajaianza. Noela alisimama juu ya bodi, akamwonyesha kwa kiganja: uzio uzunguke pande zote, ufike hapa, kifuani.

"Umewapima wapigaji wenyewe?" Gozbert aliuliza.

Noela alitazama chini. Kuwaita wanaume watu wazima, wengine umri wa baba yake, waje kupandishwa na kushushwa kama mbuzi wa mnadani, aliona haya. Pia mtu huwa hamwiti mwenye mamlaka ya kumkataa kabla ya siku. "Watu ni watu," alisema. "Wewe chomelea."

Gozbert alichomelea, na kwa kweli alichomelea vizuri. Noela mwenyewe alipaka rangi nyeupe mwili mzima wa gari, na ule mlango wa kijani. Ijumaa jioni majirani walipita kuitazama na kusema alaa.

Jumamosi Mzee Stephano, aliyeitwa na Venance aje kulijaribu gari, alifika pale uani na bendi yake yote, suti nyekundu, kofia mkononi. Noela alimwamkia, "Shikamoo mzee," naye akaitika marahaba huku macho yapo kwenye gari. Venance alikuwa amekwisha kufika. Aliegemea ukuta, mikono kifuani. Gozbert naye alikuja kupokea sifa.

Ngazi iliwafurahisha. Mpiga ngoma alifunga ngoma yake kwenye pete, akaitikisa, ikagoma kutikisika, akasema leo mke wake atalala na amani. Halafu Mzee Stephano, akiwa bado chini, akainua kidole waanze.

Mpiga tromboni alivuta pumzi, akasukuma mkono mbele. Lile bomba refu la tromboni likaenda kugonga chuma cha nyuma, ngaa, likamrudia mdomoni.

Bendi ikanyamaza. Yule bwana akajipapasa meno. Akageukia upande, akajaribu tena, akagonga upande. Wenzake, waliozoea kukaa juu ya ukingo wa bodi, waliutafuta ukingo wakakuta umezingirwa. Wakabaki wamesimama wamebanana, nyuso juu ya vyuma, wanatazama nje.

"Mjukuu wangu," Mzee Stephano alisema polepole, "hili ni zizi. Tukitokea kanisani hivi, ukoo wa bibi harusi watajua mahari imeletwa. Wataanza kutuhesabu."

Watu walicheka, na wapigaji ndani ya uzio walicheka pia. Venance ndiye hakucheka. Alijitoa ukutani, akaja mpaka mbele ya Noela, akanyoosha kiganja.

"Nipe ufunguo, mwanangu. Umejaribu, nimeona. Hakuna aibu."

Alisema kwa upole, na upole ule ulikuwa mzito kuliko ukali. Noela aliutazama mkono wa baba yake mdogo. Ulifanana na wa baba yake hata kwenye kucha. Kama angetaka kuficha uso wake, wakati ulikuwa ule.

"Hajakataa," alisema.

"Nani?"

"Mzee Stephano. Amesema zizi. Hajasema sipandi." Akamgeukia mzee. "Nimekosea kupima. Niliona haya kuwaita. Mnasimama au mnakaa?"

Mzee Stephano alivaa kofia, akaivua. "Wa tromboni wanakaa nyuma kabisa, miguu nje. Wengine pembeni, juu ya ukingo. Wa ngoma na wa tarumbeta ndogo wanasimama mbele, na hapo vyuma vyako ni vizuri, sitasema uongo. Lakini kanisani wanatoka sasa hivi."

"Gozbert, leta grenda."

"Nikate?" Gozbert alishika kichwa. "Kazi safi kama ile? Sijawahi kukata kazi yangu mbele za watu."

"Basi leo ndiyo mara ya kwanza. Chuma cha nyuma toa chote. Cha pembeni kishushe kifike mgongoni kwa mtu aliyekaa. Cha mbele kiache."

"Rangi itaungua. Litakuwa na makovu."

"Litakuwa nayo."

Grenda ililetwa, waya ukapitishwa dirishani kwa Flaviana. Cheche ziliruka uani, kuku wakatawanyika, na ile rangi nyeupe aliyoipaka kwa mikono yake ikageuka nyeusi ikitoa moshi. Noela alisimama karibu kuliko ilivyofaa, anaonyesha kwa kidole, hapa, na hapa, teremsha tena. Mara mbili Venance alisema imetosha. Mara mbili Noela alimwonyesha fundi mahali pengine pa kukata. Ncha zilizokatwa Noela alizipiga tupa mwenyewe zisichane suti za watu, na mpiga tromboni, bado anajiramba mdomo, alikaa nyuma kabisa, akaning'iniza miguu, akasukuma mkono wake mpaka mwisho. Bomba likaenda lilivyotaka.

Mzee Stephano alipanda ngazi bila kushikwa mkono. Alikaa, akaegemeza mgongo kwenye chuma, akakisukuma kukijaribu.

"Mwanamke akituendesha watasema nini?" mmoja wa bendi aliuliza.

"Watasema tumefika," mzee alijibu. "Twende, binti."

Noela alimpita Venance, ufunguo mkononi mwake mwenyewe, akaingia ndani ya gari. Hakupiga honi. Alitoka getini taratibu, akijua kwamba nyuma yake watu wazima wamekaa na miguu nje. Mashimo ya Charambe aliyazunguka yote, hata pale madereva wa bajaji walipomtukania uzembe. Alipotokea kanisani, bendi ilikuwa imekwisha kuanza, na hapakuwa na aliyetazama vyuma vilivyoungua.

Mnunuzi wa vyuma, ambaye hakuna aliyemwambia asije, alikuja Jumapili watu wametoka misa, na lori lake na kamba ya kuvutia. Venance alimleta mpaka getini, lakini hakuingia. Noela alikuwa uani amelala chini ya gari anakaza pete moja iliyolegea.

"Nimeambiwa kuna chuma," yule bwana alisema.

"Kilikuwepo," Noela alisema kutoka chini, bila kutoka. "Tulikikata jana. Vipande viko pale ukutani, chukua. Gari haliuzwi."

Mnunuzi alimtazama Venance. Venance alimtazama Flaviana, aliyekuwa amekaa mlangoni anachambua mchele, akingoja shemeji yake aseme kitu ili ampe jibu lake. Venance aliingia, akainama, akaokota vile vipande vya bomba ukutani, kimoja kimoja, akaanza kumpakilia mnunuzi.