Vikonyo vya Mchungwa wa Danieli

Mimi sina subira na watu wa kuzungukazunguka. Anitha, yule binti wa maabara aliyechukua majani ya mchungwa wangu kwenda kuyapima, alipomaliza shikamoo nikamjibu marahaba, haya sema kilichokuleta. Akaugusa mchungwa wangu uani, ule alioubebesha marehemu mume wangu Danieli juu ya shina la mlimao.

"Mama Happiness, majibu yametoka. Mti una kirusi."

"Kirusi gani, na machungwa yote hayo?"

"Wenyewe ni mkongwe, unavumilia. Ila kirusi kina mdandiaji wake, kipande kidogo sana wanakiita RNA. Peke yake hakiwezi kuzaana, mpaka kikipate kirusi. Vikiwa pamoja, miche inayotokana na mti huu inakauka kuanzia nchani."

Jamani! Nilimfikiria binti yangu Happiness.

Kwetu Lumuma binti haolewi kwa kanga na masufuria tu. Mama anamkatia vikonyo, vile vijitawi vya kupandikiza, vya mchungwa wa nyumbani, naye anavibebesha kwenye mlimao kule kwa mumewe. Vikishika, wanasema mke amefika. Happiness alivipeleka Kilangali alikoolewa, akawagawia na majirani. Miche yote imekauka. Mama mkwe wake anasema mwanangu ana mkono wa mkosi.

"Dawa yake?" nikauliza.

"Hakuna, mama. Ni kuukata na kuuchoma."

Na kesho yake Verdiana, kitinda mimba wangu, alikuwa anaolewa. Jioni akaja na kisu na kitambaa kibichi cha kufungia vikonyo. Nikamweleza yote.

"Kimoja tu, mama. Baba alisema na mimi nitapata."

"Sikupi."

"Dada ulimpa!"

"Nilimpa, na unaona yanayompata. Sikupi, Verdiana."

Akaingia ndani analia. Nikachukua shoka mwenyewe, sikutaka mkono wa mtu mwingine. Nilikata huku nalia kwa sauti, namwita Danieli, majirani wakaja wakidhani kuna msiba. Niliuchoma wote mpaka majani.

Kesho yake baada ya kanisa, ukweni wakafungua mizigo ya bibi harusi. Mama mkwe wa Verdiana akapekua, akapekua tena, kisha akauliza vikonyo viko wapi. Nikafungua mdomo niseme habari za kirusi na mdandiaji wake, Verdiana akaniwahi.

Hakunitazama.

"Mama amekataa kunipa," akasema.