Udhamini wa Lineo

Jumanne asubuhi, Khahliso alikuwa akikwangua ukoko sufuriani pale dada yake Lineo alipoingia, amejitanda blanketi walilomzika nalo miaka tisa iliyopita. Mkononi alishika barua.

"Udhamini wangu umetoka," alisema Lineo. "Tarishi kaniletea makaburini. Ndiyo anwani aliyoelekezwa."

"Futa miguu kwanza," mama yao alisema. "Nimetoka kudeki."

Lineo alikuwa ameomba udhamini wa kusomea uuguzi akiwa na miaka kumi na tisa. Alipanga foleni nje ya ofisi siku nne, theluji ikianguka. Baridi ikamwingia mapafuni, na wiki iliyofuata akafa. Sasa Khahliso naye alikuwa na miaka kumi na tisa, na alama zake zilikuwa nzuri kuliko za dada yake. Ombi lake lilikuwa ofisini humo humo tangu Januari.

Wakashuka mjini Maseru wote watatu. Karani, Ntate Sekhonyana kama watu walivyomwita kwa heshima, alifungua faili, akatazama picha, akamtazama Lineo.

"Ni wewe. Saini hapa."

"Ntate, huyu ni marehemu," mama alisema. "Hiyo nafasi mpe mdogo wake."

"Mama, fomu inauliza kama ameolewa, inauliza kama amewahi kufungwa. Kufa haiulizi. Na udhamini hauhamishwi."

"Nikiuacha je?" Lineo aliuliza.

"Fedha zinarudi hazina."

"Na ombi langu mimi?" aliuliza Khahliso.

Karani alilitafuta, akalipata, akaligonga muhuri mwekundu. "Nyumba moja, mtu mmoja. Msinilaumu, kanuni sikuziandika mimi."

Wakati wa kurudi, Lineo alisema, "Nisamehe, mdogo wangu."

"Kwani umeniibia?" alijibu Khahliso. Lakini alitangulia mbele, na hakugeuka nyuma mpaka nyumbani.

Agosti Lineo akaanza chuo. Hakulala, hakula, hakuugua, akawa wa kwanza darasani. Wagonjwa walilalamikia kitu kimoja tu, kwamba mikono yake ni ya baridi. Khahliso alipata kibarua katika kiwanda cha kushona suruali za jinzi.

Kila Jumamosi Lineo alikuja nyumbani na mikate ya bwaloni ambayo hakuihitaji, pamoja na madaftari yake. Khahliso alikula mikate, akanakili madaftari. Kufikia mwaka wa pili alikuwa akimsahihisha dada yake majina ya mifupa, na Lineo, bila kubisha, alifuta na kuandika upya.

Jumatatu Lineo alirudi darasani na Khahliso akarudi kwenye cherehani. Aliunga miguu ya suruali huku akitaja mifupa kimoyomoyo, kuanzia nyonga kushuka hadi kifundo. Siku moja sauti ikamtoka.

"Unaongea na nani wewe?" msimamizi alimuuliza.

"Na kazi, mama."

"Basi ifanye. Umebakiza suruali mia mbili."

Khahliso akavuta nyingine, akaanza tena kwenye nyonga.