Mlango wa Jokébed

Jumatatu asubuhi Malachie alinoa patasi zake zote, akazipanga juu ya meza ya karakana yake pale Butembo, kisha akaenda kunywa chai. Aliporudi, mbao za mikaratusi alizoziegemeza ukutani zilikuwa zimechipua. Majani yalikuwa machache, bado mororo. Aliyang'oa kwa vidole, akazirudisha mbao mahali pake.

Mbao hizo zilikuwa za mlango wa mdogo wake. Jokébed alikaa Bungulu, huko Beni, na binti yake Shekinah, katika nyumba ya udongo ambayo mlangoni palining'inia kitenge. Ilikuwa miaka ya vita. Waasi ndio waliokuwa serikali, na walioasi waasi walikuwa porini. Mtu hulala nyuma ya kitenge kwa sababu hana la kufanya, au kwa sababu kaka yake ni seremala na ameahidi.

Salamu zilikuja na Edmond, shofa wa lori. "Jokébed anauliza mulango yake imefika wapi."

"Umuambie iko karibu kuisha. Nabakiza bawaba tu."

Alikuwa hajapiga randa hata ubao mmoja.

Mvivu hakuwa. Walioagiza viti walipata viti. Shida ilikuwa mlango wenyewe. Mwanzoni ulitakiwa uwe mlango tu. Alipochelewa aliona aibu, na ili aifute aibu hiyo akaamua kuuchonga maua. Alipochelewa zaidi, maua yakawa hayatoshi, akaongeza njiwa wawili. Kufikia Pasaka ulikuwa mlango ambao hata kanisani haupo, yote hayo kichwani mwake, na mikono ikawa inauogopa. Kila aliponoa patasi alijiona ameanza kazi, moyo ukatulia, akaenda kunywa chai.

Mbao nazo ziliendelea. Mizizi ilipasua sakafu, matawi yakainua bati. Jirani yake Kavugho aliingia asubuhi na kikapu.

"Fundi, unipatie majani kidogo. Mutoto anakohoa."

"Chuma tu, mama."

Alichuma, akaenda kumfukizia mtoto, na kikohozi kikapungua.

Siku moja ya soko Edmond alisimamisha lori, akashuka, akavua kofia. Hakuwa na salamu. Watu wenye silaha walikuwa wamepita Bungulu. Nyumba zenye milango walizipiga mateke, wakachoka, wakaziacha. Kwa Jokébed walisogeza kitenge. Walimtwika Shekinah gunia la unga, wakaondoka naye porini.

Malachie alichukua shoka, akauangusha mti uliokuwa ndani ya karakana, akapasua mbao, akapiga randa, akaunga. Hakuchonga maua wala njiwa. Jua lilikuwa bado halijazama mlango ulipokwisha, bawaba na komeo mahali pake. Aliutazama, na hapo ndipo aibu yote ilipomshika: ilikuwa kazi ya siku moja.

Asubuhi yake Edmond alimpeleka Beni. Jokébed alimpa kiti, akampa maji ya kunywa. Hakumgombeza, na heri angemgombeza. Malachie alitungua kitenge, akafunga mlango kwenye fremu, akaujaribu. Ulifunga vizuri sana, hata mwanga haukupenya.

"Hapana kuifunga, yaya," Jokébed alimwambia kaka yake kutoka gizani. "Shekinah akirudi, ataingilia wapi?"

Malachie akauacha wazi.

Kabla mvua hazijaisha mlango ulikuwa umetia mizizi pale pale kizingitini, nao haukusogezwa tena. Kila asubuhi Jokébed hufagia majani yake, na wenye watoto wanaokohoa huja kuyaokota. Shekinah hajarudi.

Butembo watu husema fundi Malachie hachelewi, ukiagiza asubuhi jioni unabeba. Wakimsifu hivyo, huinama chini ya meza kama anayetafuta msumari, na hainuki mpaka waondoke.